Heshima na Uwazi katika Kauli za Wauguzi: Lugha ya Kupokezana Wagonjwa katika Hospitali za Mbeya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza Kiswahili kinachotumiwa na wauguzi wanapowasiliana na wenzao na madaktari katika mazingira ya hospitali za Mbeya na Iringa. Hoja inayojengwa ni kwamba hatari ya kutoelewana ndani ya timu ya tiba haitokani zaidi na uhaba wa istilahi, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali inatokana na namna sarufi ya heshima inavyopunguza makali ya habari ambayo haikupaswa kupunguzwa. Inaonyeshwa pia kwamba Kiswahili chenyewe kina nyenzo za kutenganisha heshima anayostahili msikilizaji na uzito wa jambo linalosemwa.

1.0 Utangulizi

Lugha ya Bunge, ya mahakama na ya magazeti imewashughulisha wanaisimujamii wa Kiswahili kwa muda mrefu. Lugha ya wodi haijapewa uzito huo. Na pale hospitali inapotajwa, macho hugeukia maongezi ya daktari na mgonjwa, kana kwamba kati ya watu hao wawili hapana mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu yupo, na kwa hesabu ya saa ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mwingine yeyote. Muuguzi humpokea mgonjwa, humpima, humpa dawa, humsikiliza usiku, kisha humkabidhi kwa mwenzake. Kila hatua kati ya hizo hukamilika kwa maneno. Sindano iliyochomwa lakini haikutajwa katika ripoti huweza kuchomwa tena. Damu iliyoonekana lakini ikasemwa kwa upole mno huweza kuendelea kumwagika.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, inayosimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, inautambua uuguzi kuwa taaluma yenye usajili, leseni na wajibu wake yenyewe. Kwa mintarafu ya lugha, jambo hili lina maana kubwa: kauli ya muuguzi mbele ya daktari ni kauli ya mwanataaluma anayewajibika kwa anachokisema na kwa anachokinyamazia.

Mifano yote iliyomo katika makala haya imeundwa kwa ajili ya uchambuzi. Haikunukuliwa kutoka wodi yoyote wala haimhusu mgonjwa yeyote. Imeundwa kwa kufuata miundo ya Kiswahili ambayo msomaji aliyewahi kulala au kuuguza hospitalini ataitambua bila shida.

2.0 Lugha tatu ndani ya wodi moja

Mwaka 1972 Abdulaziz-Mkilifi alieleza hali ya lugha nchini Tanzania kuwa ni ya ngazi tatu: lugha za jamii, Kiswahili na Kiingereza, kila moja ikiwa na uwanja wake. Maelezo hayo yaliihusu jamii nzima, lakini ni vigumu kupata mahali yanapoonekana bayana zaidi ya wodi ya hospitali ya Nyanda za Juu Kusini. Mgonjwa kutoka vijiji vya Iringa huweza kuanza maelezo yake kwa Kihehe. Yule wa Rungwe au Kyela kwa Kinyakyusa. Wa viunga vya Mbeya kwa Kisafwa au Kimalila. Wa bonde la Usangu kwa Kisangu. Mipaka ya utawala imebadilika, kwani Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016, lakini wagonjwa hawafuati mipaka hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, pamoja na kitengo chake cha wazazi cha Meta, hupokea rufaa kutoka mikoa yote ya nyanda hizo, kwa hiyo Kibena, Kikinga, Kinyiha na Kindali navyo husikika vitandani.

Juu ya lugha hizo kuna Kiswahili, lugha ya wodi: ndicho kinachotumika kupokezana zamu, kuitana, kuulizana na kugombana. Juu ya Kiswahili kuna Kiingereza, lugha ya faili. Muuguzi amefundishwa kwa Kiingereza, amefanya mtihani kwa Kiingereza, na anajaza chati kwa Kiingereza. Hivyo habari moja ya mgonjwa husafiri katika lugha mbili au tatu kabla haijamfikia mtu wa kuamua, na karibu kila mara mfasiri ni muuguzi, kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa kazi hiyo. Mama mjamzito anasema: "Chembe cha moyo kinaniuma." Kwa mjuzi wa Kiswahili, chembe cha moyo ni mahali chini ya kidari, juu ya tumbo, na hakina uhusiano na moyo wenyewe zaidi ya jina. Maumivu ya mahali hapo, yakiandamana na kichwa kuuma sana, maruweruwe na presha kupanda, ni miongoni mwa dalili kwamba kifafa cha mimba kinakaribia. Mfasiri mwenye haraka hulikamata neno moyo na kuliacha neno chembe, kisha faili hupokea, kwa Kiingereza, maumivu ya moyo. Daktari anayesoma faili hilo baadaye atautafuta ugonjwa kifuani. Kosa halikufanyika katika tiba. Limefanyika katika nomino ambatani.

Ni kawaida baada ya mfano kama huu kudai istilahi zaidi. Juhudi za istilahi zimekwisha kufanyika, na Kamusi ya Tiba iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ni tunda lake mojawapo. Hata hivyo, istilahi ni majina, na ripoti ya muuguzi haibebwi na majina peke yake. Inabebwa na vitenzi, viambishi, vielezi na maneno ya wito. Huko ndiko makala haya yanakoelekea.

3.0 Maneno ya wito na ngazi zinazopishana

Timu ya tiba ina ngazi zake: mganga mfawidhi, daktari bingwa, daktari, tabibu, matroni, muuguzi kiongozi wa wodi, muuguzi wa zamu, mhudumu. Jamii nayo ina ngazi zake, na katika jamii ya Waswahili na ya nyanda za juu ngazi ya kwanza ni umri. Ngazi hizi mbili hazilingani. Daktari aliye katika mafunzo ya vitendo huweza kuwa na umri wa miaka 26, na muuguzi anayempa ripoti akawa mama wa miaka 55 aliyeanza kazi kabla daktari huyo hajazaliwa. Kijana atamwamkia, "Shikamoo mama," kisha dakika mbili baadaye atamwagiza. Mama naye ataitikia "Marahaba" akiwa mkubwa, kisha atasema "Sawa daktari" akiwa mdogo. Ubadilishaji huu wa nafasi ni mwepesi mchana, timu ikiwa imezoeana. Usiku, kwa simu, na kwa daktari mgeni, humlazimu kila mmoja kupima maneno yake, na muda wa kupima maneno hukatwa kutoka muda wa mgonjwa.

Neno sista linastahili maelezo kidogo. Katika uuguzi wa Kiingereza lilikuwa cheo cha kiongozi wa wodi. Katika hospitali za misheni, kama ile ya Tosamaganga mkoani Iringa, lilikuwa pia jina la mtawa. Kiswahili kimeyaunganisha yote mawili na kuongeza la tatu: muuguzi yeyote wa kike huitwa sista, awe kiongozi au mwanafunzi, mtawa au mama wa watoto sita. Muuguzi wa kiume huitwa bruda, na mara nyingi wagonjwa humpandisha na kumwita dokta. Matokeo yake ni kwamba neno la wito halimwambii msikilizaji ni nani anayesema naye. "Ni sista wa wodi ya wazazi" ni kauli inayoweza kutolewa na mtu mwenye uzoefu wa miaka 30 na pia na mtu mwenye wiki tatu kazini.

Kuna suala la majina ya wagonjwa pia. Miongoni mwa Wanyakyusa, mila ya kuepuka jina la baba mkwe, ambayo Monica Wilson aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 na ambayo hujulikana kwa jina la ingamwana, humkataza mke kulitamka jina la mkwewe na hata maneno yanayofanana nalo. Ni kiasi gani mila hiyo bado inazuia ulimi wa muuguzi aliyesoma ni swali la utafiti, lakini si swali la kudharau. Iwe kwa sababu hiyo, iwe kwa haraka tu, kumtaja mgonjwa kwa namba ya kitanda ni njia nyepesi: kitanda namba sita hakina ukwe na mtu. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa huhamishwa na kitanda hubaki, na wodi inapojaa, kitanda kimoja huwa na watu wawili.

4.0 Kupunguza makali ya kauli

Mwaka 1967 mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, Leonard Stein, aliandika juu ya mchezo unaochezwa na daktari na muuguzi: muuguzi anajua kinachofaa kufanywa na anatakiwa akipendekeze, lakini kwa namna ambayo pendekezo litaonekana limetoka kwa daktari. Miaka 20 baadaye Brown na Levinson waliutafutia upole wa namna hiyo nadharia pana, kwamba wazungumzaji wa lugha zote hulinda uso wa msikilizaji kwa kadiri ya uwezo wake, umbali wake na uzito wa jambo. Charlotte Linde naye, katika makala yake ya mwaka 1988 kuhusu mazungumzo ya marubani, alionyesha kwamba pendekezo la mdogo kwa mkubwa likipunguzwa makali lina uwezekano mkubwa zaidi wa kupuuzwa. Wodi si ndege, lakini mdogo na mkubwa wapo pote pawili, na pote pawili kuna kitu kinachoshuka wakati watu wakisemezana.

Mfano ufuatao ni wa simu ya usiku kutoka wodi ya wazazi:

(1) "Shikamoo daktari. Samahani kwa usumbufu. Yule mama wa kitanda namba sita, aliyejifungua jioni, naona kama damu inatoka kidogo kidogo. Sijui kama utapata nafasi ya kupita."

Hakuna kosa la sarufi katika kauli hii, wala la adabu. Mzazi yeyote angefurahi kuwa na mtoto anayezungumza hivyo. Lakini ichambuliwe kipande kwa kipande. Maamkizi na samahani yanamhusu daktari, si mgonjwa. Yangeweza kubaki bila kudhuru, ingawa katika simu ya dakika moja yamekula sehemu yake. Kionyeshi yule kinamweka mama mbali, katika kumbukumbu. Neno jioni halina saa. "Naona kama" hugeuza jambo lililoonekana kwa macho kuwa dhana ya mwonaji. "Sijui kama utapata nafasi" hugeuza ombi kuwa mashaka juu ya ratiba ya daktari, na jibu lake la kawaida kabisa ni "Nitajitahidi."

Kiini cha hatari, hata hivyo, ni neno kidogo. Neno hili lina dhima mbili. Ya kwanza ni ya kiasi, kama katika chumvi kidogo. Ya pili ni ya uungwana: anayesema "Naomba nikuone kidogo" hapimi chochote, analainisha tu. Uradidi wake, kidogo kidogo, unaongeza utata wa tatu, kwa kuwa huweza kumaanisha uchache na huweza pia kumaanisha mwendo wa polepole usiokoma. Damu ya uzazi inayochuruzika polepole bila kukoma huweza kumaliza uhai wa mama kwa hakika ileile ya damu inayofoka. Muuguzi amesema kweli kwa maana ya tatu. Daktari akasikia maana ya kwanza. Na maana ya pili ndiyo iliyowafanya wote wawili wasiulizane.

Habari hiyohiyo huweza kusemwa hivi:

(2) "Daktari, shikamoo. Ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda namba sita amejifungua saa kumi na mbili na nusu jioni. Sasa ni saa mbili usiku. Amelowesha kanga mbili. Mapigo ni 124, presha ni 95 kwa 60. Mfuko wa uzazi haujajikaza. Amepewa oksitosini na dripu inaendelea. Naomba uje sasa."

Shikamoo imebaki. Cheo cha daktari kimebaki. Kilichoondoka ni kila neno lililokuwa linalainisha vipimo. Namba hazina unyenyekevu, na hazitakiwi kuwa nao: mapigo 124 si 124 kidogo. Jambo hili lina umuhimu wa pekee kwa sababu kwa mama kijana mapigo hupanda mapema huku presha ikijishikilia, na muuguzi anayesema "presha siyo mbaya sana" anatoa faraja ambayo mwili haujaitoa.

Kanga mbili hazikutajwa kama pambo. Prata, Mbaruku na Campbell, katika utafiti uliofanyika Kigoma na kuchapishwa mwaka 2005, walionyesha kwamba kanga ya kawaida huweza kutumika kupimia damu ya uzazi, na kwamba kanga mbili zilizolowa ni alama ya kuvuka kiwango cha mililita 500 kinachohesabiwa kuwa hatari. Hiki ni kipimo kilichozaliwa ndani ya maisha ya wasemaji wenyewe, kinachoeleweka na mkunga wa kijijini, na daktari bingwa, na shangazi aliyesimama mlangoni. Si mara nyingi istilahi hupata bahati ya namna hiyo.

Kitenzi cha mwisho cha mfano wa (2) ndicho kinachobeba hoja ya makala haya. Kiswahili kina ngazi ndefu ya kuomba: "ukipata nafasi upite", "ungeweza kuja", "ingefaa uje", "naomba uje", "njoo". Ngazi tatu za kwanza zinamwachia msikilizaji mlango wa kutokea, kwa sababu sharti au dhana imekwisha kuingizwa ndani ya kitenzi. Ya mwisho inavunja heshima. Ya nne ina sifa mbili ambazo si lugha nyingi huziweka pamoja kwa urahisi huo: omba humweka msemaji chini, na dhamira tegemezi, uje, haina sharti lolote. Anayeomba kwa namna hiyo hawezi kulaumiwa kwa utovu wa adabu, na anayeombwa hawezi kusema hakuelewa.

Pamoja na neno kidogo, usemi mwingine unaohitaji tahadhari ni "hali imebadilika". Ni tafsida nzuri kwa ndugu wa mgonjwa, lakini badilika ni kitenzi kisicho na mwelekeo, na kikipelekwa kwa daktari kinaleta swali badala ya jibu. Kinyume chake ni amezidiwa. Neno hili ni kauli ya kutendwa ya zidi. Halimtaji aliyemzidi mgonjwa, lakini hakuna Mswahili anayelisikia akabaki amekaa. Mahututi nalo limepata nguvu ya ziada tangu lilipoingia katika jina la chumba cha wagonjwa mahututi, kwani kumwita mgonjwa hivyo ni nusu ya kusema anapostahili kulazwa. Maneno haya mawili yana thamani kubwa, na thamani yake itadumu mradi yasitumiwe kwa kila homa.

Inaweza kupingwa kwamba madaktari waliokulia katika utamaduni uleule wanaelewa kauli zilizolainishwa na huzikuza wenyewe. Pingamizi hili lina ukweli kwa watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi, ambao hata kimya cha mwenzao wanakisoma. Lakini madaktari wa mafunzo ya vitendo hubadilishwa, watumishi huhamishwa kutoka Mafinga hadi Tukuyu na kutoka Pwani hadi Makete, na mazoea hayahamishwi pamoja nao.

5.0 Saa, siku na kitenzi kisicho na mtenda

Faili huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Ulimi huhesabu kuanzia machweo na mapambazuko. Muuguzi aliyezoea huvuka daraja hili mara mia kwa siku bila kujikwaa: 18:00 ya chati ni saa kumi na mbili jioni, 02:00 ni saa nane usiku. Kujikwaa hutokea pale namba inaposomwa kama ilivyo. Dawa iliyoandikwa 06:00 ikitajwa haraka kuwa ya saa sita hucheleweshwa au kuharakishwa kwa saa sita kamili, na kosa hilo halina dalili yoyote usoni, kwa kuwa saa sita pia ni saa ya dawa.

Utata mwingine umo katika "kila saa sita". Kwa nia ya msemaji ni mara nne kwa siku. Kwa sikio la mtu mwingine ni kila inapofika saa sita, yaani mara mbili kwa siku, mchana na usiku wa manane. Kuongeza neno baada, "kila baada ya saa sita", kunaondoa utata huo kwa gharama ya silabi chache. Usemi wa kutwa mara tatu, uliozoeleka hata katika bahasha za vidonge, nao una kasoro yake, kwa sababu kutwa ni mchana na dawa nyingine zinautaka usiku vilevile.

Siku nayo ina mtego. Katika hesabu ya asili ya Kiswahili usiku hutangulia mchana wake, hivyo usiku wa Jumanne kwa mzee wa Pwani ni ule unaofuata machweo ya Jumatatu. Vijana wengi wa bara hawahesabu tena hivyo. Zamu ya usiku, inayoanza tarehe moja na kuisha tarehe nyingine, ndiyo inayoumizwa na tofauti hii, na tiba yake ni usemi ambao redio imeulinda vizuri: usiku wa kuamkia Jumanne.

Kuhusu kitenzi, ripoti ya zamu hupenda kauli ya kutendwa. "Ameambiwa apimwe wingi wa damu, apewe seftriaksoni saa nne." Upendeleo huu una sababu nzuri. Mgonjwa hubaki kuwa kiima cha kila sentensi, na ripoti inakuwa juu yake, si juu ya watumishi. Kutaja watenda kila mara kungesikika kama kushitakiana. Lakini kauli ya kutendwa ikikutana na dhamira tegemezi, mtenda hupotea mara mbili: haijulikani aliyeagiza wala atakayetekeleza. Apimwe na nani? Muuguzi anayeondoka anadhani amekabidhi. Anayeingia anadhani mtu wa maabara ameshaitwa. Mtu wa maabara hana habari. Kiunganishi kifupi cha mtenda, "apewe na zamu ya usiku", "apimwe, nimeshawaita maabara", kinatosha.

Tofauti ya apewe, atapewa na ameshapewa ni ya viambishi vichache, na katika wodi yenye kelele viambishi ndivyo vinavyomezwa kwanza. Hii ni sababu ya kutosha ya msikilizaji kuirudia kauli aliyopewa kabla mwenzake hajavua koti lake jeupe. Kurudia maneno ya mtu si kumtilia shaka. Wanafunzi wa madrasa na wa katekisimu wamefundishwa hivyo kwa vizazi.

6.0 Kauli zilizopangwa na swali la ridhaa ya kusema

Nje ya Afrika Mashariki, hospitali nyingi zimejaribu kutatua tatizo hili kwa kuipanga kauli yenyewe. Mpango unaojulikana zaidi, SBAR, ulitokana na mawasiliano ya manowari za jeshi la majini la Marekani na ukaingizwa katika tiba na watumishi wa Kaiser Permanente katika jimbo la Colorado mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msemaji hutaja hali iliyopo, historia fupi, tathmini yake na pendekezo lake, kwa utaratibu huo. Thamani yake kwa muuguzi wa Mbeya au Iringa haimo katika sehemu mbili za kwanza, kwani hizo alikuwa akizisema tangu zamani. Imo katika mbili za mwisho. Mchezo aliouandika Stein ulimtaka muuguzi afiche tathmini na pendekezo; mpango huu unamlazimisha kuvitaja. Akivitaja, hajajitia ujuaji. Amejaza nafasi iliyokuwa wazi. Heshima haikuvunjwa kwa sababu aliyeamua kwamba pendekezo litolewe ni utaratibu.

Mfano wa karibu zaidi upo upande wa pili wa milima ya Udzungwa. Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani ambamo orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo ina mambo mengi ya kitiba, na haingekuwa haki kuyaweka matokeo yote katika mfuko wa lugha. Lakini kipengele kimoja ni cha lugha tupu: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mtu chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja si mgeni wa kusikika tena, na muuguzi aliyejitaja kwa jina ametoka katika usita wa jumla uliojadiliwa katika sehemu ya 3.0.

Kuzitafsiri orodha hizi neno kwa neno hakutoshi. Nafasi ya pendekezo, kwa mfano, ikijazwa na "ninapendekeza daktari aje" inasikika kama kikao cha kamati. Ikijazwa na "naomba uje" inakuwa Kiswahili. Vyuo vya uuguzi, ambavyo hufundisha utoaji wa ripoti kwa Kiingereza na kuwaacha wanafunzi wajifunzie ripoti ya Kiswahili wodini kwa kusikiliza waliowatangulia, vingeweza kuanza na zoezi jepesi: mgonjwa mmoja aelezwe mara tatu kwa Kiswahili, kwa muuguzi anayeingia zamu, kwa daktari aliye kwenye simu, na kwa mama mzazi wa mgonjwa, kisha darasa lihesabu ni mara ngapi neno kidogo limetumika, kwa maana ipi, na mbele ya nani.

Mahali pa kuanzia utafiti wa kina ni rufaa za barabarani. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, kupitia Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole, na muuguzi anayemsindikiza mgonjwa katika gari hubeba barua ya Kiingereza mkononi na ripoti ya Kiswahili kichwani. Ripoti hiyo ya kichwani inahusu kilichotokea baada ya barua kufungwa: degedege la njiani, dripu iliyokwisha, saa ambayo mtoto aliacha kucheza tumboni. Hutolewa mlangoni, kwa watu wasiomjua msemaji, katika dakika ambazo machela inasukumwa. Kwa idhini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na ya hospitali zenyewe, kauli hizo zinaweza kurekodiwa na kulinganishwa na kilichoandikwa katika faili saa moja baadaye. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili ndiyo data ambayo isimu ya Kiswahili bado inaidai.